Dakika Sita na Sekunde Arobaini

Kiptere hatuombi mvua ikome. Hilo lifahamike kwanza. Mtu wa arusi anaweza kuomba hivyo, na mtu aliyeanika mahindi, lakini mtu wa chai akiomba mvua ikome anajitafutia njaa kwa mdomo wake mwenyewe. Ndiyo maana Mchungaji Lazarus aliposimama mbele yetu Ijumaa ile ya Agosti 1996, akainua mikono na kumsihi Mungu azuie mvua kwa robo saa tu, watu waliitikia "Amina" kwa sauti ndogo, kama watu wanaokohoa ndani ya leso. Mungu alizisikia amina zile akajua hatukumaanisha. Mvua ikaongezeka.

Tulikuwa ndani ya kanisa la watu wa Jumapili, kwaya mbili, yetu na ya Wasabato, watu arobaini na kitu, tumeketi kwenye mabenchi tukiangalia juu. Kanisa letu lilikuwa na mabati mapya. Mvua ya kwetu huja saa nane mchana kila siku kama mtu aliyeandikwa kazi, na ikipiga mabati mapya huwezi kumsikia hata jirani anayekutukana sikioni. Na pale mbele, juu ya meza ya sadaka, ilikaa mashine ya Oyoo, imefungwa kwa waya kwenye betri ya gari, ikitungoja.

Oyoo alikuwa fundi wa kurekodi kutoka Kisumu. Mara moja kwa mwaka alizunguka nchi ya juu na pikapu yake kuukuu, akirekodi kwaya za makanisa, na baada ya mwezi mmoja kaseti zilirudi zikiwa na picha ya kwaya kwenye karatasi ya mbele. Aliahidi kufika saa tatu asubuhi. Alifika saa saba, matope hadi kwenye masikio. Kwa saa moja kabla ya mvua aliweza kurekodi nyimbo tisa za kwaya yetu sisi wa Jumapili. Kesho yake alfajiri alikuwa anatakiwa Londiani.

Kaseti ilihitaji nyimbo kumi. Wimbo wa kumi ulikuwa wa Bochaberi.

"Wacha nirekodi hii mvua," Oyoo alipiga kelele, hedifoni zikiwa shingoni. "Inaimba vizuri kuliko nyinyi. Na haitaki soda."

"Itakoma, fundi!" Bochaberi akamjibu kwa kelele vilevile.

"Dada, sasa ni saa kumi na moja. Kwetu mvua ikinyesha hivi huwa kuna mtu ameikosea."

"Hapa hakuna aliyeikosea," akasema Mwalimu Chepngeno. "Hapa tunaipenda ndiyo maana haitaki kwenda nyumbani."

Ukiniuliza kwa nini hatukuhamia nyumba nyingine, njoo Kiptere unionyeshe nyumba isiyo na mabati. Labda jiko la nyasi la bibi kizee fulani, ambamo kwaya yetu ingeingia miguu tu.

Bochaberi alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Baba yake, Mzee Mochama, alihamia kwetu kutoka Kisii kabla mimi sijazaliwa, akanunua ekari mbili, akapanda chai, akajenga kanisa la Wasabato kwa mbao zake mwenyewe. Wasabato wetu wote ni watu wa Kisii, na watu wa Jumapili wote ni Wakipsigis, kwa hiyo ukijua siku ambayo mtu anapumzika umejua na lugha anayoongea na mama yake. Jumamosi sisi tuliwapelekea maziwa yao kwenye kituo cha kuuzia. Jumapili wao walituchungia ng'ombe. Ulikuwa mpango mzuri, na kila upande uliamini kwamba ndio unaomsaidia mwenzake asiyejua Biblia.

Tofauti kubwa haikuwa siku. Ilikuwa saa. Sisi watu wa Jumapili huanza ibada kanisa likijaa, na kanisa hujaa ng'ombe wakishakamuliwa, na ng'ombe ana mambo yake. Wasabato huanza saa tatu kamili, hata kama ndani hamna mtu ila Mzee Mochama na kuku aliyepotea njia.

"Mungu wenu ni nyapara," tuliwatania. "Anasimama mlangoni na daftari."

"Na wenu anangoja ndoo ijae maziwa," walitujibu.

Mzee Mochama alikuwa na saa ya mkononi, ya chuma, aliyoirekebisha kila jioni kwa zile pipu sita zinazolia redioni kabla ya taarifa ya habari. Kijiji kizima kilirekebisha saa zake kwa saa ya Mochama. Na ndani ya jalada la kitabu chake cha nyimbo alikuwa amebandika karatasi iliyochapishwa, yenye tarehe za mwaka mzima na dakika ambayo jua huzama kila tarehe. Sabato huanza Ijumaa jua likizama, na huisha Jumamosi jua likizama. Kwa kuwa kwetu Kericho jua la jioni hulioni, unaona ukungu tu na moshi wa majiko, karatasi ile ndiyo iliyokuwa jua la Wasabato wa Kiptere. Kwa miaka kumi na moja hawakuwa na lingine.

Sasa niseme juu ya wimbo. Mwaka wa 1992, wakati wa ile fujo ya makabila, Wasabato wetu walihama na magodoro kichwani wakakaa upande wa Kisii msimu mzima. Hakuna anayependa kuusimulia mwaka ule, na mimi sitausimulia. Waliporudi, Bochaberi aliikuta chai ya baba yake imekuwa msitu, mrefu kumpita. Asubuhi ya kwanza alipoingia shambani na panga alimkuta mtu ameshatangulia, anakata. Alikuwa Chepngeno, mwalimu wa darasa la nane, kiongozi wa kwaya yetu. Hawakusalimiana. Walikata pamoja juma zima, na kufikia siku ya tatu Bochaberi alikuwa anavumisha tuni fulani, na siku ya tano tuni ikapata maneno, ya Kiswahili, ili wote wawili waweze kuyaimba.

Nyimbo zetu tisa zilikuwa nzuri. Nami niliimba besi katika zote tisa, na sitakubali mtu aziseme vibaya. Lakini ule wa kumi ulikuwa na mfupa ndani yake. Tuliufanyia mazoezi miezi sita, kwaya mbili pamoja, sauti ya juu ikiwa ya Bochaberi.

Kikwazo kilikuwa Mzee Mochama. Hakuipenda mashine. "Kaseti haina siku," alisema. "Mtu ataicheza Jumamosi akisaga mahindi. Mwingine ataicheza baa. Nyinyi mtakuwa mnaimba huko na hamjui." Bochaberi alimbembeleza tangu Pasaka. Mwishoni mzee akakubali mara moja tu: wimbo mmoja, Ijumaa hii, kabla jua halijazama. Usiporekodiwa, basi. Mambo ya mashine yasitajwe tena nyumbani kwake. Na Mzee Mochama hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili kwa maneno tofauti.

Kwa nini Bochaberi hakuwepo saa saba, kabla ya mvua? Kwa sababu Ijumaa Wasabato huchuma chai ya siku mbili. Jani haliingii kanisani. Ukiliacha Jumamosi linakomaa, na Jumatatu karani wa kituo cha chai anakurudishia kapu. Kwa hiyo Ijumaa wanachuma kama watu waliochokozwa na nyuki, halafu wanapanga foleni kwenye mizani. Bochaberi na wenzake walitoka mizanini saa nane kasoro, wakakimbia na makapu mgongoni, na mvua ikawakuta mlangoni mwa kanisa. Tangu hapo tulikuwa tumeketi.

Saa kumi na mbili mvua ilikuwa bado inapiga. Mzee Mochama alikaa benchi la mbele na mkewe, Mama Nyabate, kitabu cha nyimbo magotini, saa yake juu ya kitabu. Hakuwa na uso mbaya. Alikuwa na uso wa mtu anayesubiri gari ambalo ana hakika litakuja kwa wakati wake.

"Leo ni na dakika thelathini na sita," alitangaza. Maana yake saa kumi na mbili na dakika thelathini na sita.

"Tunajua, Baba," Bochaberi akasema.

"Nakukumbusha tu."

"Umenikumbusha mara nne."

"Ya tano haitakuumiza."

Saa kumi na mbili na robo mvua ikaanza kuchoka. Na dakika ishirini na tano yalibaki matone ya mabati, tap, tap. Na dakika ishirini na nane Oyoo alivaa hedifoni, akafumba macho, akainua mkono.

"Simameni. Mama mwenye gambuti, toa. Nasikia kila hatua yako. Wewe dada, sogea hapa karibu na maiki. Wanaume rudini nyuma, rudini, bado, nimesema rudini, kwani mnauza nini?"

Tulirudi hadi ukutani. Wimbo ulikuwa wa dakika nne. Na dakika thelathini na moja Oyoo alibonyeza, Chepngeno akashusha mkono, na Bochaberi akaingia peke yake, safi, kama mtu anayefungua dirisha. Ubeti wa kwanza ukapita. Kiitikio kikapita. Tukaingia ubeti wa pili, na mimi hapo nyuma nikaanza kuamini.

Ndipo Mchungaji Lazarus, aliyekuwa ameketi kando ya dirisha akitazama nje, alipoona mwanya wa mbingu umefunguka juu ya mashamba, akakumbuka kwamba yeye ndiye aliyeomba mvua ikome.

"HALELUYA!"

Oyoo alizing'oa hedifoni kichwani kama mtu aliyeumwa na siafu.

"Nani? Nani huyo?"

"Ni Mungu, ndugu," Lazarus akasema kwa furaha. "Amejibu!"

"Mchungaji, angejibu kimya kimya! Turudie. Ngojeni nirudishe kanda."

Kanda ilirudi ikilia kama panya. Tuliitazama ikirudi, sote, bila kupumua, na ilipokwama kwa tik, Oyoo akainua mkono tena, na Mzee Mochama akasimama.

"Imetimia," alisema.

Wasabato walifunga vitabu vyao vya nyimbo, mmoja mmoja. Bochaberi alisogea hatua moja nyuma kutoka kwenye maiki, polepole, kama ambavyo mtu huondoka kitandani mwa mtoto aliyelala. Nitakwambia ukweli, nilipandwa na hasira hadi nikaona giza. Nilitaka kupiga kelele kwamba Mungu aliyeumba dunia kwa siku sita hawezi kumnyima binti dakika nne. Lakini hiyo ni lugha ya mtu wa Jumapili, na ingemuumiza zaidi. Nikafunga mdomo.

Chepngeno hakufunga wake.

"Mzee, naomba kuona karatasi."

"Mwalimu, hakuna la kuona. Ni thelathini na sita."

"Nakuamini. Naomba tu kuiona."

Akampa kitabu. Chepngeno hakutazama tarehe. Alitazama juu kabisa, kwenye kichwa cha karatasi, ambapo gundi ilikuwa imefunika nusu ya maandishi. Akakwangua kwa ukucha.

"Mzee, imeandikwa Nairobi."

"Ilichapishwa Nairobi. Kila kitu huchapishwa Nairobi."

"Haisemi imechapishwa. Inasema machweo ya jua, Nairobi. Ni jua la Nairobi hili."

"Sasa Nairobi wana jua lao?" Mama Nyabate akauliza.

"Jua ni lile lile, Mama, lakini linafika kwao kwanza, linaondoka kwao kwanza. Linatoka mashariki." Chepngeno alikuwa ameshageuka mwalimu, mkono ukitafuta chaki hewani. "Digrii moja ya longitudo ni dakika ngapi?"

Na hapo ikatokea ajabu. Kila mtu ndani ya kanisa lile aliyewahi kukaa mtihani wa darasa la nane, Mkisii kwa Mkipsigis, alijibu kwa pamoja, kwa sauti ile ile ya kuogopa kiboko:

"Dakika nne!"

"Nairobi iko digrii ngapi?"

"Thelathini na sita na ushee!"

"Thelathini na sita, dakika hamsini. Sisi?"

Tulijua Tokyo ni saa ngapi Accra ikiwa adhuhuri. Tulijua mtu akipanda ndege London atashuka New York saa ngapi. Juu ya Kiptere hakuna aliyewahi kutuuliza.

"Thelathini na tano na kumi," Chepngeno akajibu mwenyewe, "nimepima kwenye atlasi kwa rula mwaka huu na watoto. Tofauti ni digrii moja na theluthi mbili. Mara nne?"

"Sita na theluthi mbili," Bochaberi akasema. Ilikuwa mara ya kwanza anafungua mdomo.

"Dakika sita na sekunde arobaini. Mzee, kwa saa yako hiyo hiyo, jua la Kiptere linazama na dakika arobaini na mbili, sekunde arobaini. Halijazama."

Sote tukageukia dirisha. Nje kulikuwa na ukungu na moshi wa majiko. Hakukuwa na shahidi.

"Saa ya Kenya ni moja," Mzee Mochama akasema, lakini alisema polepole.

"Saa ni moja, Mzee. Wewe hushiki Sabato kwa saa. Unashika kwa jua."

Mzee alichukua kitabu chake. Aliitazama ile karatasi, akaitazama saa, akaitazama karatasi tena. Dakika ya thelathini na saba ikapita na kuondoka. Tuliona anahesabu kitu na hatukujua ni nini. Sisi tulidhani anatafuta namna ya kukataa, na kwaya yetu ikaanza kunong'ona, na Mchungaji Lazarus, aliyejua amekosa, akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu apate uchungaji.

"Mwalimu," mzee akasema hatimaye, "kama ni kweli leo, ni kweli na kesho."

"Ndiyo, Mzee."

"Kesho Sabato inaisha na thelathini na sita."

"Kwa karatasi, ndiyo."

"Na mimi kila Jumamosi, na thelathini na sita, au siku hiyo iwe na ngapi, hiyo hiyo dakika, namwambia mama huyu awashe moto wa chai."

Hapo ndipo tulipoelewa. Dakika zile sita zilikuwa na ncha mbili. Akizipokea leo, amekiri mbele ya Wakipsigis, mbele ya fundi wa Kisumu, mbele ya mashine, kwamba yeye, mwenye saa ya kijiji, amekuwa akiivunja Sabato kila juma kwa miaka kumi na moja. Akizikataa, anabaki mtu mkamilifu, na binti yake anakwenda nyumbani. Na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameliona hilo. Angenyamaza, lingepita.

Mama Nyabate alikuwa amefunika mdomo kwa kanga. Mabega yalikuwa yanatikisika. Tulidhani analia.

"Baba Bochaberi," akasema, na sauti ikamponyoka, "miaka kumi na moja! Chai yote ile! Na ulikuwa unanisukuma, 'Washa, washa, imetimia!'"

Alicheka hadi akashika benchi. Akacheka Msabato wa pili, halafu wa tatu, na sisi tukang'ang'ana kutocheka kwa sababu haikuwa dhambi yetu, hadi Oyoo alipopasuka na kutuponza wote. Mzee Mochama alisimama katikati ya kicheko kile, amenyooka, saa mkononi. Halafu ndevu zake zikasogea pembeni.

"Mungu atanisamehe chai," alisema. "Imbeni. Mna dakika nne na nusu. Mchungaji Lazarus, kaa mbali na dirisha."

Sijawahi kuona watu wakipanga mistari upesi namna ile. Oyoo hakuinua hata mkono, alibonyeza tu. Chepngeno akashusha wake. Na Bochaberi akaingia:

*Majani yako mawili, kikonyo chao kimoja,*
*Umande uliyalea, mvua yao ni moja,*
*Yachumwe na mtu gani, kapuni huwa pamoja,*
*Bwana, siku zako zote, tupe na hiyo ya kuja.*

Mara ya kwanza tulikuwa tumeimba kwa uangalifu, kama watu waliovaa nguo za kuazima. Mara hii hapakuwa na nafasi ya uangalifu. Sisi wa besi tuliingia kwenye kiitikio kama ng'ombe wanaoteremka mtoni, Wasabato wakatupokea, na juu yetu sote sauti yake ikaenda bila kushikwa na mtu. Mbele yake baba yake alisimama akitazama mshale wa sekunde, na midomo yake ilikuwa inasogea. Sijui alikuwa anahesabu au anaimba.

Neno la mwisho lilipozima, Oyoo alingoja, akangoja, akabonyeza. Kidole gumba kikapanda juu.

"Na dakika arobaini na mbili," mzee akasema. "Sekunde ishirini na tano."

Kanisa likalipuka. Chepngeno alimshika Bochaberi shingoni wakazunguka kama wasichana wa shule. Oyoo tayari alikuwa anarudisha kanda. "Njooni msikie! Dada, njoo usikie mwenyewe, hutaamini!"

Bochaberi aligeuka kuifuata mashine. Baba yake alikohoa.

"Sasa imetimia," alisema, si kwa ukali.

Bochaberi akasimama pale, mkono mmoja umenyooshwa kwenye hedifoni. Kisha akaurudisha. Alifunga leso kichwani, akachukua kapu lake, akatoka na wenzake kwenye matope, na Wasabato wakashuka kilimani wakiimba wimbo wa Sabato. Alikuwa ameimba wimbo wake na hakuusikia.

Oyoo aliondoka alfajiri, ametuachia nakala moja, na Chepngeno akafanya jambo ambalo kwaya yetu ilimlaumu kwalo siku nzima. Aliitia kaseti ndani ya sanduku lake la bati, akalifunga kwa kufuli, akaweka ufunguo kifuani.

"Hakuna kusikia hadi Bochaberi asikie."

"Lakini sisi si Wasabato!" nilimwambia. "Nyimbo tisa ni zetu!"

"Basi imba hizo tisa kwa mdomo."

Hivyo Jumamosi ile, kwa mara ya kwanza tangu kanisa letu lijengwe, watu wa Jumapili walishika Sabato. Hatukuishika kwa hiari, na hatukuishika vizuri, lakini tuliishika. Tuliwapelekea Wasabato maziwa yao kituoni, tukarudi mbio. Saa nane mvua ikaja, ikaenda. Saa kumi na moja tulikuwa tumejaa uani kwa Chepngeno, thelathini nzima, na redio kaseti ya betri sita iko juu ya kigoda, na mtu mzima kama Mchungaji Lazarus anauliza kila dakika jua liko wapi.

Wasabato walikuja pamoja, wakiwa na nguo za ibada. Mzee Mochama alitangulia. Asubuhi, tuliambiwa, alikuwa amesimama mbele ya kanisa lake akasoma kichwa cha ile karatasi kwa sauti, neno kwa neno, kisha akawaambia waumini waongeze dakika sita na sekunde arobaini kila Ijumaa na kila Jumamosi, na wamwombee.

"Ni thelathini na sita!" Lazarus akapiga kelele.

"Hiyo ni ya Nairobi, Mchungaji," mzee akasema. "Waache wafurahi wenyewe. Sisi tukae."

Tukakaa. Sijui kama umewahi kungoja dakika sita pamoja na majirani zako bila kazi mkononi. Mtu wa kwetu alimuuliza Msabato kama jani lake lilirudishwa mizanini jana. Mama Nyabate alimwonyesha bibi mmoja wa Kipsigis namna ya kufunga leso. Ng'ombe alikohoa. Zilikuwa ndefu sana, na zilipoisha baadhi yetu hatukuona.

Chepngeno alibonyeza.

Bochaberi alisikiliza ameinamisha kichwa, mikono magotini. Nilimtazama yeye, sikuutazama mtambo. Nilitarajia machozi. Badala yake, kwenye ubeti wa pili, akakunja uso kama mtu anayeonja mboga isiyo na chumvi.

"Nimekimbia hapo," alisema wimbo ulipokwisha. "Ubeti wa pili. Ningeushika kidogo."

"Wee!" Chepngeno akasema. "Watu wana mapele ya baridi mikononi, wewe unasahihisha?"

"Lakini nimekimbia. Kwa sababu ya muda. Mwaka ujao tukianza asubuhi ningeweza..." Alikuwa amekumbuka masharti: mara moja tu. Akamtazama baba yake, na sisi sote tukamtazama.

Mzee Mochama alikuwa amechuchumaa mbele ya redio, miwani puani, anatafuta kitufe cha kurudisha nyuma. Alibonyeza kimoja, kikawa si chenyewe, mlango wa kaseti ukaruka wazi akashtuka. Akaufunga.

"Alhamisi," alisema bila kugeuka. "Mwiteni fundi aje Alhamisi. Ijumaa ina haraka."

Kisha akakipata kitufe.